Ushindani wa visimbuzi, vishikwambi na vifaa vya kutiririsha video katika pwani ya Lindi

Ushindani wa visimbuzi, vishikwambi na vifaa vya kutiririsha video katika pwani ya Lindi ni hali ya soko la vifaa vya kielektroniki katika wilaya ya Kilwa na maeneo mengine ya ukanda wa bahari wa Mkoa wa Lindi, kusini-mashariki mwa Tanzania. Katika soko hilo vifaa vya aina mbalimbali hugombea kazi ileile ya kumfikishia mtu picha na sauti: mpira, filamu, taarifa ya habari, katuni za watoto na masomo.

Katika nchi tajiri ushindani huu hutazamwa zaidi kama vita vya makampuni ya Apple, Amazon, Google, Samsung na Roku. Katika pwani ya Lindi washindani ni wengine kwa sehemu kubwa: dishi na kisimbuzi cha malipo, simujanja yenye bando, kishikwambi cha mwalimu, flashi iliyojazwa filamu dukani, na kibanda cha kuonyeshea video. Mshindi huamuliwa na mambo manne: umeme, mtandao, bei, na nani ana haki ya kuonyesha mpira.

Istilahi

*Kisimbuzi* au *king'amuzi* ni kifaa kinachopokea mawimbi ya dijitali kutoka kwenye antena au dishi na kuyageuza kuwa picha kwenye runinga. Maneno yote mawili hutumika Tanzania.

*Kishikwambi* (pia *tableti*) ni kompyuta bapa ya kushika mkononi, yenye kioo cha mguso, kubwa kuliko simu na ndogo kuliko kompyuta mpakato. Neno hili lilienea sana kwa wananchi wa kawaida wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022.

*Kutiririsha* ni kutazama video au kusikiliza sauti moja kwa moja kutoka kwenye intaneti bila kusubiri faili zima lishuke kwanza. *Kifaa cha kutiririsha* ni kikasha kidogo au stiki inayochomekwa kwenye tundu la HDMI la runinga, na kuiwezesha runinga ya kawaida kupata programu kama YouTube au Netflix.

*Kibanda umiza* ni jina la mtaani la ukumbi mdogo wa kuonyeshea video na mpira kwa kiingilio. Inasemekana uliitwa hivyo kwa sababu ya joto na msongamano wa watazamaji kwenye mabenchi.

Chimbuko la ushindani duniani

Soko la vishikwambi la leo lilianza mwaka 2010, Apple ilipoanza kuuza iPad mwezi Aprili. Samsung ilifuata mwaka huohuo na Galaxy Tab iliyotumia mfumo wa Android. Mwaka 2011 Amazon ilitoa Kindle Fire kwa dola 199, bei iliyokuwa chini ya nusu ya ile ya iPad, na mwaka 2012 Google ikatoa Nexus 7 kwa bei hiyohiyo. Amazon ilikubali faida ndogo kwenye kifaa kwa sababu ilitegemea kupata fedha baadaye kwa kuuza vitabu, filamu na bidhaa kupitia kifaa hicho.

Kwenye vifaa vya kutiririsha, Apple TV ilianza kuuzwa mwaka 2007, na kikasha cha kwanza cha Roku kilitoka mwaka 2008 kikiwa kimekusudiwa Netflix. Mwaka 2013 Google ilitoa Chromecast, stiki ya dola 35 ambayo haikuwa hata na rimoti. Mtumiaji aliiendesha kwa simu yake. Amazon ilijibu mwaka 2014 kwa Fire TV na kisha Fire TV Stick.

Ushindani huo ulimgusa mtumiaji moja kwa moja. Mwaka 2015 Amazon iliacha kuuza Apple TV na Chromecast kwenye duka lake. Google nayo iliondoa YouTube kwenye Fire TV mwishoni mwa mwaka 2017, na ilirudi mwaka 2019 baada ya makubaliano. Mtu aliyekuwa amenunua kifaa kwa fedha zake alijikuta anakosa huduma kwa sababu ya ugomvi wa kampuni mbili. Jambo la aina hiyo lilitokea Tanzania pia, ila huko lilihusu visimbuzi.

Televisheni kabla ya intaneti

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, vituo kama ITV vilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi baada ya hapo mawimbi ya kawaida yalifika mijini tu. Kilwa Masoko iko takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam, na Lindi mjini takriban kilomita 450. Umbali huo ni mkubwa mno kwa antena ya kawaida kupokea mawimbi ya Dar es Salaam, hivyo mtu aliyetaka televisheni alitegemea mtambo wa karibu au dishi.

Barabara nayo ilichelewesha bidhaa. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake magari yalivuka kwa kivuko. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, chenye urefu wa takriban kilomita 60, kilikuwa miongoni mwa vipande vya mwisho kutiwa lami katika njia hiyo. Runinga za kioo kizito zilizosafirishwa juu ya lori zilipita kwenye matope hayo wakati wa mvua.

Kuhamia dijitali

Mwaka 2006 mkutano wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) mjini Geneva ulikubaliana kwamba nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ziache utangazaji wa analojia kufikia tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ilianza mapema kuliko nchi nyingi za Afrika: mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa leseni kwa kampuni tatu za kujenga mitambo ya dijitali ya ardhini. Visimbuzi vyao vilijulikana sokoni kwa majina ya StarTimes, Ting na Continental. StarTimes, kampuni ya Kichina, ilifanya kazi kwa ubia na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Mwezi Desemba 2013 Azam TV, ya kundi la makampuni ya Bakhresa, ilianza kutoa huduma kwa satelaiti. DStv, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 1995, ilikuwa tayari sokoni kwa wateja wenye uwezo mkubwa zaidi.

Kuhama huku kuliweka msingi wa ushindani wa sasa. Runinga peke yake haikutosha tena. Kila nyumba ilihitaji kifaa cha pili, na kifaa hicho kilifungwa kwa kampuni moja. Kisimbuzi cha Azam hakifungui matangazo ya DStv, wala cha StarTimes hakifungui ya Azam. Mteja anayetaka huduma mbili hununua visimbuzi viwili, na mara nyingi madishi mawili.

Mgogoro wa chaneli za bure

Mwaka 2018 TCRA ilizitaka Azam, DStv na Zuku kuondoa chaneli za ndani zinazotakiwa kuonekana bure, kama ITV, Star TV na Channel Ten, kwa hoja kwamba leseni zao za satelaiti zilikuwa za matangazo ya kulipia. Kwa mujibu wa utaratibu uliokuwepo, chaneli hizo zilitakiwa kubebwa na visimbuzi vya mitambo ya ardhini.

Kwa mkazi wa jiji lililo karibu na mtambo, suluhisho lilikuwa kununua kisimbuzi cha pili cha antena. Kwa mkazi wa kijiji cha pwani kilicho mbali na mtambo wowote wa dijitali, suluhisho hilo halikuwepo: dishi ndilo lililokuwa njia pekee, na taarifa ya habari ya vituo hivyo ikapotea kwake. Kanuni zilirekebishwa baadaye na chaneli za ndani zikaruhusiwa kurudi kwenye visimbuzi vya satelaiti.

Mazingira ya pwani ya Lindi

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Lindi ulikuwa na wakazi takriban milioni 1.19. Wilaya ya Kilwa ina miji midogo ya Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, njia panda ya Nangurukuru, vijiji vya barabara kuu kama Somanga, na visiwa kama Songo Songo na Kilwa Kisiwani. Makazi yako mbalimbali, na hilo ndilo linaloamua teknolojia ipi inalipa.

*Satelaiti.* Mawimbi ya satelaiti hufika kila mahali pasipo kizuizi cha jengo au mti. Dishi la DStv hulenga satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, karibu sawa na longitudo ya Kilwa, hivyo huelekea karibu juu kabisa, kwa pembe ya takriban nyuzi 79 kutoka upeo wa macho. Dishi la Azam hulenga satelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, yaani upande wa magharibi wa anga, kwa pembe ya takriban nyuzi 50. Fundi huweza kutambua dishi la nyumba ni la kampuni gani kwa kuangalia tu linakoelekea. Udhaifu wa njia hii ni mvua kubwa, ambayo hudhoofisha mawimbi na kukata picha, pamoja na upepo wenye chumvi ya bahari, ambao hula vyuma na viungio vya nyaya vya dishi lililo karibu na ufuo.

*Mitambo ya ardhini.* Antena ndogo ni rahisi kufunga kuliko dishi na haihitaji fundi mwenye kipimo. Hata hivyo, inafanya kazi karibu na mtambo tu, na kampuni hujenga mitambo penye watu wengi kwanza.

*Mtandao wa simu.* Nyaya za chini ya bahari za SEACOM (2009) na EASSy (2010) ziliunganisha Dar es Salaam na dunia, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukapeleka intaneti mikoani. Kutoka mkongo hadi kijijini kazi hufanywa na minara ya simu. Halotel, iliyoanza huduma mwaka 2015, ilijijengea jina kwa kuwekeza vijijini. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) huchangia gharama za minara mahali ambapo kampuni zisingejenga zenyewe. Mwezi Mei 2023 ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 nchini. Mnara wa 2G huwezesha kupiga simu na kutuma fedha, lakini hauwezi kubeba video. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuwa na mtandao bila ya kuwa na utiririshaji.

*Umeme.* Gesi asilia ya Songo Songo, kisiwa kilichoko wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Vijiji vingi vya wilaya hiyohiyo vilisubiri miaka mingi baadaye kuunganishwa kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Mahali pasipo gridi, paneli ndogo ya jua hutosha kuchaji simu au kishikwambi, lakini runinga na kisimbuzi huhitaji mfumo mkubwa zaidi.

Vifaa vinavyoshindana

Kisimbuzi na dishi

Hiki ndicho kifaa kikuu cha sebuleni. Faida yake kubwa ni kwamba gharama haiongezeki kwa kutazama zaidi: aliyelipa kifurushi cha mwezi anaweza kuacha runinga inaonyesha mchana kutwa, na watu kumi wakatazama kwa gharama ya mmoja. Chaneli za Kiswahili kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ya DStv zimeongeza mvuto wake kwa familia.

Stiki na vikasha vya kutiririsha

Vifaa hivi huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: runinga yenye tundu la HDMI, umeme wa uhakika, na intaneti isiyo ghali. Mijini vipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na wengi huviunganisha kwa kurusha intaneti kutoka kwenye simu. Ushindani wao mkubwa sasa unatoka kwenye runinga janja, ambazo zina programu hizo ndani yake tangu kiwandani. Vikasha vya Android visivyo na chapa inayojulikana huuzwa kwa bei ya chini. Vingi havipati masasisho ya usalama, na baadhi havikuthibitishwa kuonyesha Netflix kwa ubora wa juu hata kama runinga inaweza.

Kishikwambi

Kishikwambi kina nafasi ya katikati: kioo chake ni kikubwa kuliko cha simu, kina betri yake, na hufanya kazi bila intaneti ikiwa faili limehifadhiwa ndani. Katika soko la kawaida kimezidiwa na simujanja, kwa sababu mtu mwenye fedha za kifaa kimoja hununua kile kinachopiga simu na kutuma fedha, na vioo vya simu vimezidi kuwa vikubwa. Kishikwambi kimeingia kwenye nyumba nyingi kupitia mlango mwingine, ambao ni serikali na elimu.

Simujanja

Ndiyo runinga ya kwanza ya vijana wengi. Kampuni za visimbuzi zenyewe zimelikubali hilo kwa kutoa programu za simu: AzamTV Max, DStv Stream na StarTimes ON. Kwa njia hiyo mtoa huduma mmoja hushindana na kisimbuzi chake mwenyewe, akiona heri mteja ahame kutoka sebuleni kwenda kwenye simu kuliko kwenda kwa mshindani.

Flashi, memori kadi na kibanda umiza

Mshindani mkubwa wa utiririshaji katika miji midogo hana chapa. Ni duka lenye kompyuta moja, ambako mteja hujaziwa filamu, tamthilia na nyimbo kwenye flashi au memori kadi. Filamu iliyobanwa hadi MB 700 huchukua nafasi ndogo kiasi kwamba flashi ya GB 16 hubeba zaidi ya filamu 20, na mteja hulipia mara moja tu. Filamu nyingi za kigeni huwa zimetafsiriwa na wasimulizi wa Kiswahili wanaoongeza maelezo na utani wao. Lufufu alikuwa mmoja wa waanzilishi mashuhuri wa sanaa hiyo Tanzania. Kwa mtazamo wa sheria sehemu kubwa ya biashara hii ni uvunjaji wa hakimiliki, na wasanii wa filamu za Kitanzania ni miongoni mwa wanaopoteza mapato.

Kibanda umiza nacho hutumia kisimbuzi kimoja kuhudumia mtaa mzima. Kifurushi cha nyumbani kwa kawaida hakimruhusu mwenye kisimbuzi kutoza kiingilio; kampuni huwa na vifurushi vya biashara kwa ajili hiyo.

Mahesabu ya mtazamaji

Sababu ya kisimbuzi kuendelea kuongoza sebuleni huonekana kwa hesabu rahisi. Video ya ubora wa kawaida hutumia takriban GB 1 kwa saa, na ya ubora wa HD takriban GB 3. Mechi moja pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza huchukua karibu saa 2, yaani takriban GB 2 kwa ubora wa kawaida.

Mwaka 2021, baada ya malalamiko ya wananchi kuhusu bei za bando, TCRA iliweka kiwango cha bei ya intaneti ndani ya vifurushi kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa viwango hivyo:

- MB 2,000 kwa shilingi 2.03 ni shilingi 4,060.
- MB 2,000 kwa shilingi 9.35 ni shilingi 18,700.

Hiyo ni mechi moja, kwa kioo kimoja. Familia inayotazama mechi nne na tamthilia ya kila jioni kwa mwezi itaona kwamba malipo ya mwezi ya kisimbuzi ni nafuu. Mtu mmoja anayetazama vipande vifupi vya magoli kwenye simu ataona kinyume chake.

Upande wa umeme matokeo ni tofauti. Runinga ya LED ya inchi 32 pamoja na kisimbuzi hutumia takriban wati 60. Kwa saa 4 ni karibu wati-saa 240. Betri nzima ya kishikwambi cha kawaida hubeba wati-saa 20 hadi 27 tu. Kwa hiyo nyumba yenye paneli ndogo ya jua inaweza kumudu kishikwambi au simu, lakini ikashindwa runinga. Kwa kifupi, bei ya bando humsukuma mtu kwenye dishi, na ukosefu wa umeme humrudisha kwenye kifaa cha mkononi.

Mpira kama silaha ya soko

Hakuna kinachouza visimbuzi Tanzania kama mpira wa miguu. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. DStv kwa upande wake imejulikana kwa Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwa Mkoa wa Lindi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya Namungo FC, timu ya Ruangwa. Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF mwaka 2020, na msimu wa 2020–21 ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mkazi wa Kilwa au Lindi mjini anayetaka kuona timu ya mkoa wake ikicheza Mwanza hana uchaguzi mpana wa kifaa: haki ya matangazo imeshaamua kwa niaba yake. Stiki nzuri na kishikwambi cha bei kubwa havimsaidii ikiwa programu yenye haki hiyo haimo au hajailipia.

Vishikwambi na elimu

Katika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 makarani walitumia vishikwambi badala ya karatasi. Baada ya sensa serikali iliamua vifaa hivyo vigawiwe sekta ya elimu, wakiwemo walimu wa shule za umma za msingi na sekondari. Kwa walimu wengi wa vijijini, hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza waliyokabidhiwa na mwajiri. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada, na kitabu kilichopakuliwa mara moja husomwa baadaye bila bando.

Pwani ya Tanzania ilikuwa pia uwanja wa shindano la kimataifa la programu za vishikwambi. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, programu tano za Kiswahili zilijaribiwa kwa takriban miezi 15 katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa kutumia vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google na vituo vya kuchajia kwa jua. Watoto waliohusika walikuwa na umri wa miaka 7 hadi 11, na wengi hawakuwa shuleni. Waandaaji walieleza kwamba mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 tuzo iligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na programu zote tano za fainali zikawekwa wazi kutumiwa na yeyote.

Somo la Tanga kwa maeneo kama Kilwa ni kwamba kilichoshindanishwa pale kilikuwa masomo yaliyomo: kifaa kilikuwa kilekile kwa wote, na umeme ulitolewa. Bila chaji na bila mtu wa kurekebisha kilichoharibika, kishikwambi hubaki kabatini.

Hata hivyo kwa elimu ya watoto wadogo runinga bado ni mshindani mkubwa. Katuni ya Kitanzania ya Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili kupitia televisheni ya kawaida. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, vipindi vya masomo kwenye redio na televisheni viliwafikia wanafunzi wasio na intaneti.

Kodi, bei na vifaa bandia

Katika mwaka wa fedha 2021/22 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 kwenye simujanja, vishikwambi na modemu, kwa lengo la kuongeza watumiaji wa intaneti. Mwaka uliofuata msamaha huo ulifutwa, kwa hoja kwamba unafuu haukumfikia mnunuzi wa mwisho. Tukio hilo linaonyesha kwamba bei ya rejareja mikoani hubeba zaidi ya kodi: usafiri, mtaji mdogo wa muuza duka na uchache wa washindani navyo vimo.

Kuhusu ubora, tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilifungia simu bandia zisitumike kwenye mitandao ya nchini. Hatua hiyo huhusu kifaa chochote chenye namba ya IMEI, kikiwemo kishikwambi cha laini ya simu. Mnunuzi anaweza kupata namba hiyo kwa kubonyeza *#06# na kuihakiki kwa kutuma ujumbe kwenda 15090. Stiki, kisimbuzi na kishikwambi cha Wi-Fi pekee havina IMEI, hivyo njia hii haiwezi kuvihakiki.

Mei 2024: jaribio la njia zote

Udhaifu wa kila njia ulionekana katika mwezi mmoja. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Mvua iliyoambatana nacho ilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika maeneo kadhaa ya wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota au kukatika Tanzania na nchi jirani.

Katika hali kama hiyo aliyetegemea kutiririsha hubaki na kioo kinachozunguka, lakini dishi linaendelea kupokea satelaiti ikiwa umeme upo, na filamu iliyo kwenye flashi inaendelea kuchezwa. Hii ni sababu mojawapo ya nyumba nyingi kutochagua kifaa kimoja na kuacha vingine. Dishi hubaki kwa ajili ya mpira na taarifa ya habari, simu kwa ajili ya vipande vifupi, na flashi kwa ajili ya filamu za usiku.

Mwelekeo

Mipaka kati ya vifaa inazidi kufifia. Runinga janja inachukua kazi ya stiki, simu yenye kioo kikubwa inachukua kazi ya kishikwambi, na kampuni za visimbuzi zinageuka kuwa kampuni za programu. Mwaka 2025 kampuni ya Ufaransa ya Canal+ ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice, mmiliki wa DStv, hatua iliyotokana kwa sehemu na shinikizo la huduma za kutiririsha katika bara zima.

Katika pwani ya Lindi kasi ya mabadiliko hayo itategemea zaidi mambo ya kawaida kuliko matoleo mapya ya vifaa: minara ya 2G kupandishwa hadhi, bei ya bando kushuka, umeme kufika vitongojini, na haki za mpira kuuzwa kwa njia inayomruhusu mtazamaji kuchagua kifaa chake mwenyewe.

Tazama pia

- Mkoa wa Lindi
- Wilaya ya Kilwa
- Songo Songo
- Namungo FC
- Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania
- Sensa ya Tanzania 2022